Mbele kwa Wazima, Nyuma kwa Maiti

Mzee Zakayo alizikwa mwezi uliopita, nami nilikuwa miongoni mwa waliosimama kumsifu. Aliletwa kwa gari jeupe refu lenye vioo pande zote na maua ya plastiki juu, gari linaloteleza bila sauti, na mchungaji akasema kwamba wengi hatujui kuwa mtu huyu ndiye aliyewafundisha watu wetu kule Kericho kusafirishana kwa heshima, enzi zile maiti ilipofungwa juu ya basi pamoja na magodoro na kuku. Watu wakaitikia amina. Kisha akauliza kama dereva wa gari lile la kwanza bado yuko hai, na mtu mmoja mwenye kiherehere akaninyooshea kidole. Nikainuka na fimbo yangu. Nikasema mzee alikuwa mtu wa umoja. Nikasema alitupenda. Nikapigiwa makofi, nikaketi, na baada ya nusu saa nilikuwa nimeshika sahani ya wali wa matanga yake, nyama juu, nikitafuna. Sijawahi kujichukia nikiwa nimeshiba namna ile. Tangu siku hiyo nimejaribu kujiambia kwamba matanga si mahali pa kusema ukweli na kwamba marehemu hakuwa na njia ya kujitetea. Haijasaidia kitu. Basi nitauandika hapa mwaka mmoja tu, mwaka ambao mimi na Zakayo tulikuwa na gari, na sitamfanya yeye kuwa mbaya kuliko mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na kazi yangu ilikuwa kuangalia jenereta katika kiwanda cha chai upande wa Kapkatet. Nilipewa chumba kimoja katika laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari, na ukuta uliogawanya chumba changu na cha jirani haukufika kwenye mabati, kwa hiyo tuligawana moshi, harufu ya mboga na maneno yote. Jirani yangu alikuwa Ouma, mtu wa ziwani, aliyetia kuni katika tanuri la kukaushia chai. Mkewe Dorika alichuma majani. Mimi ni mtu wa Bunyore na sikuwa na mke, na kwa sababu moshi wa makaa yangu ulimsumbua, Dorika alisema ingekuwa nafuu kwake nile kwao kuliko kupikiwa moshi. Nikawa nakula huko kila jioni. Nilimwita shemeji. Chumba chao kilikuwa na kitanda nyuma ya pazia la shuka, meza yenye mguu mmoja uliowekewa tofali, na ukutani kurasa za gazeti zilizobandikwa kwa uji. Pale mezani ndipo nilipojua kwamba alikuwa amezaa mara mbili katika chumba hicho hicho, na mara zote mbili mtoto alikuwa ametoka bila kulia. Dresa wa dispensari yetu, Mkipsigis mmoja aliyeitwa Cheruiyot, alikuwa amemwonya kwamba mimba ya tatu isizaliwe kwenye laini. Izaliwe hospitalini mjini, maana yeye dresa hakuwa na mkono wa kisu. Dorika alikuwa akilisema jambo hilo huku anasonga ugali, kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

Watu wetu wa magharibi, wa milimani na wa ziwani, walikuwa na umoja wao pale shambani. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna wetu anayezikwa kwenye ardhi ya majani ya chai ya watu. Mtu akifa, arudishwe kwao. Zakayo, aliyekuwa nyapara kiwandani na mzee wa kanisa, alikuwa mwenyekiti, na ndiye aliyeleta wazo la kununua gari. Alisimama kwenye mkutano akasema gari litabeba wagonjwa na marehemu, akaanza na wagonjwa, nakumbuka vizuri, kwa sababu Dorika aliyekuwa ameketi na akina mama aliinua uso. Jioni ile aliniwekea samaki wote wawili. Akaniambia, "Shemeji, wewe ndiye utaangalia hiyo injini, sivyo? Basi uniangalizie vizuri. Siku yangu ikifika isiniambie imelala." Ouma akacheka. Mimi nikamjibu kwamba siku yake ikifika gari litakuwa linanguruma mlangoni kabla hajavaa kiatu. Nilikuwa kijana na nilipenda kuahidi.

Gari lenyewe lilikuwa Sigor, kwa mfanyabiashara mmoja wa ngozi aliyeitwa Arap Birir. Lilikuwa stesheni wagoni ya dizeli, kuukuu, lililoachwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao, na rangi yake nyeupe ilikuwa imegeuka kama meno ya mvuta kiko. Tulitumwa watatu: Zakayo kwa ajili ya cheo, Ouma kwa ajili ya uaminifu, na mimi kwa ajili ya akili ya mashine. Tulifika asubuhi na hatukuonyeshwa gari. Tulionyeshwa sebule. Kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, redio kubwa yenye kitambaa chake, na mke wa Arap Birir akaleta maji ya kunawa, kisha ugali wa wimbi, kisha nyama ya kuchoma kwenye sinia, kisha mursik kwenye kibuyu, maziwa mazito yenye harufu ya mkaa, na nikanywa kikombe, nikaongezwa. Mimi, mtu wa jenereta, sikuwahi kuketishwa kwenye kochi na kuulizwa maoni yangu juu ya bei ya ngozi. Arap Birir alikuwa mpole na mcheshi. Alitutembeza saa nzima katika habari za mifugo yake kabla ya kusema, "Sasa twende tuone hiyo mzee. Nimeiwasha mapema, msikae kwa baridi mkingoja."

Niliweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa moto. Mtu yeyote aliyewahi kuangalia dizeli anajua kwamba injini ya dizeli hupimwa alfajiri ikiwa baridi, ndipo inaposema umri wake. Ikishapata moto, hata kongwe huimba. Na mwenyewe alikuwa ametuambia waziwazi kwamba ameiwasha, hakutudanganya hata neno moja. Nilipaswa kusema, mzee, asante kwa chakula, tutarudi kesho asubuhi. Lakini mafuta ya nyama yake yalikuwa bado midomoni mwangu. Kwetu, na kwao pia, huwezi kutoka kwenye sinia ya mtu ukaenda moja kwa moja kuiumbua mali yake. Zakayo aliniona nikisitasita, akaniinamia akanong'ona kwa lugha yetu nisiwaaibishe. Nikafungua mlango wa nyuma nijifanye ninakagua, nikapigwa usoni na uvundo wa ngozi mbichi, ule uvundo unaoingia kooni na kukaa. Nikafunga. Nikasema injini ni nzima. Tukapeana mikono, na Arap Birir akatufungia kipande cha nyama cha njiani.

Asubuhi ya pili yake gari halikuwaka. Wala ya tatu. Asiyejua baridi ya kule asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya chai na vidole havikunjiki, hawezi kujua jinsi gari la dizeli lililochoka linavyoweza kukudharau. Nilijifunza kuliegesha kwenye mteremko wa juu ya kiwanda, jiwe chini ya gurudumu. Nilijifunza kutia jiko la makaa chini ya tumbo la injini na kungoja oili ilainike. Kisha niliondoa jiwe, nikaliachia literemke, na katikati ya mteremko nikaachia klachi, likakohoa, likatapika moshi mweusi juu ya mboga za watu, na ama likawaka, ama nikabaki bondeni nikitukanwa. Mpira wa kupitishia mafuta ulikuwa na ufa uliovuta hewa, na hewa ikiingia kwenye mabomba ya dizeli, injini hufa kama iliyokabwa. Kila mara ilinibidi nilegeze nati, nivute mafuta kwa mdomo mpaka yafike. Dizeli mdomoni haitoki. Unasukutua, unakula chumvi, unatema, na chai ya jioni bado ina ladha ya taa. Nilicheua dizeli mwaka mzima. Dorika alinipiga marufuku kuvuka mlango: "Kaa hapo nje, shemeji. Unanuka kama kandili." Alinipa sahani kizingitini, na ndimu iliyokatwa kando.

Safari ya kwanza tulimpeleka mzee mmoja wa tanuri aliyekufa kwa kifua. Kabla ya hapo nilikuwa nimesugua nyuma kwa sabuni ya kipande na magadi mpaka mikono ikachubuka, ili marehemu asilale katika harufu ya ngozi. Nilikuwa nadhani hiyo ndiyo harufu mbaya. Tulishuka kutoka baridi yetu mpaka kwenye joto la tambarare za ziwa, gari likachemka mara mbili, tukasimama kungoja radieta ipoe, na siku ilikuwa tayari ni ya tatu tangu afe. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba mbao za nyuma zilikuwa na nyufa, na chini ya mbao kulikuwa na shimo la tairi la akiba, na kesho yake mimi ndiye niliyetoa tairi lile. Nilitapika juu ya viatu vyangu. Dresa Cheruiyot alinipa dawa nyeupe ya kuua viini na barakoa ya kitambaa, akanitazama nikifanya kazi, akasema, "Haruni, hii kazi uliikubali au ulipewa?" Nilikuwa na ufunguo wa gari mfukoni, na kila nilipoupapasa nilijihisi mtu. Huo ndio ukweli usiopendeza. Nilikuwa nikinuka maiti na dizeli, na bado nilitembea kifua mbele.

Mwezi wa nne tulimbeba mgonjwa, kijana wa kupima majani aliyekuwa na homa kali iliyompanda kichwani. Alikuwa ameshamaliza kupigana nayo tulipomlaza nyuma. Alifika hospitalini na kufa siku hiyo hiyo. Hapo maneno yakaanza. Wanawake bombani walisema anayelala nyuma ya gari lile hainuki, kwamba waliotangulia humshika. Zakayo akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Nilidhani atawakanya watu. Badala yake alisema amesikia kilio chao, na kwamba kuanzia siku hiyo utaratibu ni mmoja: mbele ni kwa wazima, nyuma ni kwa maiti. Mtu mwenye roho akae kiti cha mbele, na asiyeweza kukaa, basi umoja utamtafutia njia nyingine. Watu wakamshukuru. Dorika alikuwa ameshajua kwamba ana mimba. Nilimsikia jioni ile ukutani akimwambia mumewe, "Ouma, mimi nikiwa na uchungu nitakaa kiti cha mbele namna gani?" Ouma akamwambia siku bado, wazee watafikiria. Akamwuliza tena. Ouma akasema, "Sasa unataka nigombane na mkutano mzima?" Kisha nikasikia kijiko kikikwangua sufuria muda mrefu.

Niliichukulia kauli ile ya Zakayo kuwa woga wa mzee wa kanisa asiyetaka kugombana na akina mama. Ilinichukua mwezi mmoja kuijua vizuri. Wagonjwa walipoacha kulala nyuma, gari lilikuwa na nafasi Jumanne na Ijumaa. Zakayo akaniambia tuna safari ndogo ya upande wa Sigor, ya kulipasha gari damu, kwani dizeli ikikaa sana huganda tabia. Tulifika kwenye shamba la mtu na kupakia kabeji. Tulizipakia nyuma, juu ya mbao zile zile, mpaka kwenye vioo. Nilimtazama. Akasema, "Si umeosha?" Nikasema nimeosha. "Basi," akasema, akafungua mlango wa mbele akaketi, akavua kofia, akaomba kimya kabla ya safari kama kawaida yake. Mkewe aliziuza kabeji hizo mbele ya nyumba yao, amezipanga juu ya gunia safi, amezinyunyizia maji zing'ae. Mimi nilipewa mbili kila safari, kubwa, zimefungwa kwenye gazeti. Nilizitupa kwenye mtaro wa kiwanda, lakini nilizipokea kwanza na kusema asante mzee. Kila wiki nilisema asante mzee.

Jioni moja mwezi wa saba Dorika aliniruhusu kuingia ndani kwa kuwa nilikuwa nimeoga. Tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia. Alipakua ugali na kabeji iliyokaangwa kwa kitunguu, akasema kabeji za mke wa Zakayo ni tamu kuliko za sokoni, hata mtoto tumboni amezipenda, hatulii mpaka azile. Nilikata tonge nikalichovya, nikalifikisha mdomoni, likakataa kuingia. Akanikazia macho. "Shemeji, kabeji yangu ina nini?" Ouma naye akanitazama. Ningeweza kusema hapo. Ilikuwa sentensi fupi tu. Nikafikiria ufunguo, nikafikiria Zakayo akimpa mwingine, yule msaidizi wa karakana aliyekuwa akiutamani, nikafikiria watu wa laini nzima wakitapika na kuja mlangoni kwangu, maana ni mimi niliyeendesha. Nikameza. Nikasema ina chumvi kidogo. Akaniongezea.

Kilichobaki kwangu kilikuwa injini. Nilijiambia kwamba nikiitengeneza kabisa, mambo mengine yatajipa yenyewe, na kwamba siku ya Dorika ikifika hakuna atakayemnyima gari linalowaka. Sikumwamini mtu, niliamini spana. Nilibadilisha ule mpira wenye ufa. Nilipata plagi za kupasha moto kutoka Nakuru, nikazitia zote nne. Nilizifungua nozeli zinazorusha dizeli, nikazisafisha moja moja mpaka zikarusha ukungu laini. Mwezi wa tisa nikaifungua injini yote katika karakana ya kiwanda, kwa ruhusa ya fundi mkuu, nikatia ringi mpya za pistoni, na kwa wiki tatu vipande vyake vilikuwa vimelala kwenye magunia chumbani mwangu, chini ya kitanda na juu yake, nami nikilala kando. Dorika alichungulia mlangoni akauliza kama nyama hiyo yote itarudi kwenye mfupa. Nilimwonyesha pistoni, nikamwambia ashike. Aliipima mkononi, nzito, akaniuliza ni mwezi gani nitakuwa nimemaliza, nikamwambia wa kumi. Akahesabu kwa vidole na kusema ni sawa. Mwezi wa kumi na moja, asubuhi ya baridi kuliko zote, niliketi, nikavuta kitufe cha kupasha, nikahesabu mpaka thelathini, nikawasha. Liliwaka mara moja. Sikuhitaji jiko wala mteremko. Nilikaa ndani nikilisikiliza nikalia kidogo, sioni aibu kulisema.

Uchungu ulimwanza Jumamosi moja ya mwezi huo huo, kabla ya saa nne asubuhi. Lori la shamba lilikuwa limepeleka chai, na gari dogo la meneja lilikuwa mjini. Cheruiyot alikuja mbio na mkoba wake, akapita nyuma ya pazia la shuka, akatoka akijipangusa mikono, akasema mtoto amekaa vibaya na aende mjini sasa hivi, si baadaye. Nilikuwa nimeshakimbia. Gari liliwaka mara moja, nikalileta mpaka mlangoni kama nilivyoahidi, linanguruma, na nikaufungua mlango wa nyuma, nilikokuwa nimetandika godoro langu mwenyewe. Akina mama waliokuwa wamejaa uani wakarudi nyuma. Mmoja wao akauficha uso. Zakayo alifika akitokea kiwandani, amevaa koti la kazi, akaangalia godoro.

"Hapana," akasema. "Haruni, tulikubaliana. Mtu mwenye roho haingii huko."

Cheruiyot akamwambia, "Mzee, huyu mama anakufa. Mambo ya roho tutaongea akirudi."

"Dresa, wewe tunakuheshimu. Lakini hii ni shauri yetu sisi. Yule kijana tulimweka huko, alirudi? Akiweza kukaa mbele, kiti ndicho hicho."

Wakamleta Dorika nje, ameshikwa huku na huku. Wakajaribu kumkalisha kiti cha mbele. Alipokunjwa kiuno alitoa sauti ambayo sitaiandika. Wakamtoa. Alishika mlango wa nyuma kwa mkono wake, akaniangalia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, nipeleke. Mimi sijali." Mwanamke mmoja mzee akaanza kulia kwamba anajiitia kifo kwa mdomo wake mwenyewe. Ouma alisimama katikati, mikono ikining'inia. Akasema, "Wazee, nyinyi mnasemaje?" Wakasema alivyosema Zakayo.

Nilikuwa na sentensi yangu. Ilikuwa imekaa kinywani tangu mwezi wa saba. Ningesema tu: nyuma huku tumebeba kabeji zenu tangu mwezi wa tano, mmezila nyote, na mko hai. Zakayo alijua kwamba ninayo. Alinitazama, si kwa ukali, ila kama mtu anayemngoja mwenzake amalize hesabu. Nami nikaimaliza. Niliwaona watu arobaini uani, nikaona nyuso zao zikigeuka kutoka kwake kuja kwangu, nikaona ufunguo ukitoka mkononi mwangu. Nikainamisha kichwa, nikajifanya nasikiliza injini.

Walitengeneza machela kwa miti miwili na magunia ya majani. Wanaume sita wakaibeba, Cheruiyot mbele, Ouma kando ameshika mkono wa mkewe, wakaelekea njia ya lami kulikopita mabasi, maili nne za kupanda na kushuka. Mvua ya mawe ilikuwa imenyesha jana yake na njia ilikuwa utelezi. Nilitaka kuzima nikawafuate kwa miguu. Zakayo aliweka mkono dirishani.

"Usizime," akasema. "Huenda ikahitajika."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa kwamba anangoja maiti, niligeuka nikalitazama godoro langu kule nyuma. Na bado sikuzima. Nilikaa pale saa moja na nusu kwa saa ya mkono, injini ikitwanga polepole, moshi wake mwembamba, wa bluu hafifu, moshi wa injini yenye afya. Akina mama walirudi majumbani mmoja mmoja. Mmoja aliniletea chai, nikainywa.

Mmoja wa wabebaji alirudi, matope mpaka magotini. Alimtikisia Zakayo kichwa. Walikuwa wamefika kwenye banda la kupimia majani, chini kidogo ya lami. Zakayo akavua kofia, akaingia mbele, akaketi, akaomba kimya. Nikatia giya. Kutoka laini mpaka banda lile kuna kilima kimoja kirefu kinachopita nyuma ya kiwanda, kilima ambacho mwaka mzima gari lilikuwa likikipanda kwa giya ya kwanza, linatetemeka, watu wakishuka kusukuma. Siku ile nilikianza na giya ya tatu kwa mazoea ya ubishi tu, nikingoja lichoke. Halikuchoka. Lilivuta moja kwa moja, bila kukohoa, usukani mwepesi, matope yakiruka pembeni. Nilitazama saa: dakika tisa. Zakayo akapiga dashibodi kwa kiganja, polepole, akasema, "Fundi, sasa imepona." Na mimi, Mungu anisamehe na kama hataki basi asinisamehe, nilifurahi. Nilifurahi mwili mzima, kwa ajili ya ringi zangu na nozeli zangu, na nilikuwa bado natabasamu nilipokata kona ya banda na kumwona Ouma ameketi chini kwenye matope, amenikazia macho usoni.